Mgeni Hashiki Ufagio

Paa liliondoka alasiri, watu wa nyumba wakiwa macho, na hilo ndilo lililowaokoa. Upepo ulilikamata kwa upande wa nyuma, ukalitikisa mara moja kama mtu anayejaribu mlango, halafu ukalinyanyua lote, makuti, fito na kamba zake, ukalitupa kwenye michongoma. Fundi baiskeli alibaki amesimama katikati ya chumba chake mwenyewe, pampu mkononi, akitazama mawingu. Mama yake, ambaye kijiji kizima humwita Bibi, alikuwa amelala chali kwa sababu ya magoti. Alisema, "Mwanangu, hebu funga hilo dirisha."

Siku ile hakuna aliyecheka. Kesho yake walicheka wote, pamoja na yeye.

Mvua ilifuata, ikalowanisha godoro, unga na viraka vya mipira ya baiskeli. Kilichobaki na kifuniko chake ni jiko la nje, kijumba chenye upana wa mkeka mmoja na masizi ya miaka mingi. Watoto walikuwa kwa shangazi yao wakisoma, kwa hiyo wasio na pa kulala walikuwa watatu: fundi, mkewe na Bibi.

Wanakijiji walikaa kikao jioni ileile kwenye ukumbi wa kulia wa Kambi. Kambi ni vibanda sita vya wageni pale ufukweni, mahali ambapo gari hukwama mchangani na mgeni humalizia njia kwa miguu, viatu mkononi. Waliijenga wenyewe, kila nyumba ikatoa nguvu zake. Taa zake ni za jua, maji ni ya ndoo, na chooni humwagi maji, unamwaga majivu. Faida ndiyo iliyoleta dawa kwenye zahanati na madawati shuleni. Wageni huja hivyohivyo, na wakiondoka huandika kwamba wamepumzika.

Mke wa fundi ndiye aliyekuwa akitandika vitanda vya Kambi tangu mlango wa kwanza ufunguliwe. Jina lake la nyumbani lilishasahaulika. Aliitwa Mama Shuka.

"Kibanda cha mwisho kiko tupu," alisema Mpishi wa Kambi. "Walale humo mpaka wapate paa. Kuna la kujadili?"

"Lipo," alisema mwenyekiti. Huyu watu walimwita Utaratibu, kwa sababu neno hilo halikumtoka mdomoni hata akila. "Sheria tuliitunga wenyewe. Halali mtu kibandani ila mgeni. Tukimfungulia mmoja, kesho kila aliyegombana na mkewe atakuja na mto wake kwapani."

Watu walicheka, wakamtazama Mpishi, maana yeye ndiye aliyewahi kukutwa na huo mto.

Lakini Utaratibu hakuwa mtu mbaya. Aliwatazama wale watatu, nguo zao zikiwa bado zinachuruzika, akamtazama Bibi aliyekalishwa kwenye gunia la mkaa. Alikuna kidevu. Halafu uso wake ukachanua kama mtu aliyeona kitu chake kilichopotea.

"Halali ila mgeni," alisema. "Basi tuwafanye wageni!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mama Shuka naye alipiga.

Asubuhi alikwenda stoo kama kawaida yake kuchukua mashuka. Ufunguo wa stoo alikuwa nao siku zote, kwenye fundo la pindo la kanga. Alimkuta Utaratibu amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Umeamkaje, mgeni wetu? Usingizi ulipatikana?" Ndivyo alivyowauliza wageni wote kila asubuhi, kwa sauti ileile.

"Ulipatikana. Naomba kupita, nichukue mashuka."

"Mashuka yako yatabadilishwa, usijali."

"Siyo yangu. Ya wageni."

"Mgeni ni wewe."

Mama Shuka alicheka, akanyoosha mkono kwenye kitasa. Utaratibu hakusogea. Ndipo alipoacha kucheka.

"Mgeni hashiki ufagio, mama," alisema mwenyekiti polepole. "Fikiria. Wewe na hawa watu wa mbali mnatoka vibandani pamoja asubuhi, mnakunywa chai pamoja, halafu unawafagilia. Watauliza, hapa mgeni nani, mtumishi nani? Na hawa wetu wa kijijini ndio hatari zaidi. Watasema umekula mkono huu na mkono huu: kibanda bure, na ujira juu yake. Mimi nakulinda."

"Na vitanda?"

"Mama Pacha amekubali kutusaidia. Kwa sasa."

"Kwa sasa mpaka lini?"

"Mpaka utakapoacha kuwa mgeni."

Mama Shuka alirudi kibandani akiipindua ile kauli kama mtu anayetafuta upande wa mbele wa nguo. Ujira wa Kambi hulipwa kwa kitanda, Jumamosi kwa Jumamosi. Kitanda usichokitandika hukilipwi. Makuti na fito vingetoka kwenye ujira huo, maana baiskeli za kijiji kile huharibika, lakini wenye nazo hulipa kwa maneno. Kwa hiyo, bila vitanda hakuna paa. Bila paa, wao ni wageni. Na mgeni hashiki ufagio. Alilizunguka jambo hilo kote asione mlango.

Mumewe alimkuta njiani akitoka ukumbini, anajifuta midomo.

"Mama watoto, kuna mkate wa kukaangwa na yai! Nimepewa kikombe cha pili bila kuomba. Nenda kabla Mpishi hajabadili moyo."

"Nimesimamishwa kazi," alisema Mama Shuka.

"Umepumzishwa," alisema fundi. "Kuna tofauti."

Mama Pacha alikuja kutandika kibanda chao saa nne. Ni mwanamke mrefu, mjane, mwenye watoto wawili wa mimba moja na sauti ya kuitia ng'ambo ya kijito. Bibi alihamishiwa kwenye kiti cha barazani. Mama Shuka alibaki ndani, mgongo ukutani.

Hakuna adhabu kama kumtazama mtu akifanya kazi yako. Mama Pacha alilitupa shuka likaangukia mshazari. Pembe hakuzikunja kama bahasha, alizisokomeza chini ya godoro kama anayeficha kitu. Chandarua alikizungusha mara mbili akakifunga fundo la mzigo wa kuni. Vidole vya Mama Shuka vilikuwa vikicheza vyenyewe kwenye kanga.

"Usinitazame hivyo," alisema Mama Pacha bila kugeuka. "Naona kwa kisogo."

"Sijasema kitu."

"Macho yako yanasema. Dada yangu, mimi sikuomba nafasi yako. Nimeitwa, nimeitika. Nami nina midomo miwili inayofunguka kwa wakati mmoja."

"Sikulaumu."

"Basi sogea, mgeni, nifagie hapo uliposimama."

Mama Shuka alisogea. Alipofika mlangoni Mama Pacha akamwita tena, safari hii kwa sauti ya chini ambayo hakuizoea.

"Na mwenyekiti amesema... ule ufunguo wa stoo."

Fundo lile lilikuwa limekaa miaka mpaka kitambaa kikaingia alama. Lilimchukua muda kulifungua. Alimpa ufunguo, akatoka. Bibi, pale barazani, aliona mkono wa mkaza mwanawe ukirudi kulishika pindo tupu, kisha ukaliacha, kisha ukalishika tena.

Kijijini nako ugeni wao ulikuwa umeshafika kabla yao. Kisimani wanawake walisogea.

"Mpisheni mgeni achote! Mgeni asisimame juani!"

"Atateka kweli, au tumtekee?"

Walikuwa wakitania, na wawili kati yao walimtwisha ndoo kwa upole. Lakini hakuna aliyemwambia habari za majumbani, nani kajifungua na nani kagombana, maana mgeni haambiwi mambo ya ndani.

Dukani aliomba sabuni na chumvi za kulipa Jumamosi, kama alivyoomba miaka yote. Mwenye duka aliweka viwiko juu ya meza.

"Jumamosi ya kazi gani? Nasikia umepumzika."

"Nitalipa, kaka yangu. Unanijua."

"Nilikuwa nakujua ulipokuwa mwenyeji. Mkopo ni wa wenyeji. Mgeni akiondoka nitamfuata wapi?" Alicheka sana, akapiga meza. Alipomaliza kucheka, chumvi ilikuwa bado rafuni.

Fundi naye siku ya pili chai ilianza kumkwama. Kambi haikuruhusu minyororo yenye grisi barazani, kwa hiyo vyuma vyake vilibaki kwenye nyumba isiyo na paa. Aliyekuja na gurudumu lililopinda alimkuta ukumbini amekaa, akaondoka kimya kimya. Fundi alimwita: "Njoo, kwani ni nini?" Yule akajibu kwa heshima zote, "Hapana, fundi, nisikusumbue mapumzikoni." Na Mpishi, rafiki yake wa utotoni, alianza kumwekea kikombe mezani na kusema, "Karibu, bwana mgeni, habari za huko unakotoka?" Mara ya kwanza fundi alicheka. Mara ya tatu aliomba uji aondoke nao.

Mmoja tu ndiye ugeni ulimkaa vizuri. Kitanda cha kibandani kilikuwa na miguu mirefu, na Bibi hakuhitaji kuinuliwa kutoka chini kila asubuhi kama gunia. Aliteremsha miguu, ikagusa sakafu, akasimama. Alifanya hivyo mara mbili mfululizo siku ya kwanza, kwa kuonja tu.

Kibanda cha jirani alikaa mama mmoja wa mjini mwenye kofia pana, amekuja kupumzisha kichwa. Alivuta kiti karibu na Bibi barazani.

"Shikamoo, bibi. Nanyi mmekuja kupumzika?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo, tumepumzishwa."

"Mmetoka mbali?"

Bibi alinyoosha fimbo kuelekea uani kwao, ambako kuta nne za udongo zilionekana juu ya uzio, wazi kama sufuria bila mfuniko. "Pale."

Mama wa kofia alitazama kuta, akamtazama Bibi. "Na mmefika lini?"

"Mimi? Nilizaliwa."

Yule mama alicheka mpaka akaishika kofia. Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki sana. "Lakini mahali ni pazuri. Unapafurahia?"

"Magoti yangu yanapafurahia," alisema Bibi. "Mimi mwenyewe bado sijaulizwa."

Jioni ya siku ile, kabla taa hazijawashwa, mtu na mkewe walinong'onezana nyuma ya kibanda, wakidhani Bibi amesinzia.

"Una haraka mno," fundi alikuwa akisema. "Maisha yamekuletea chai mara ngapi?"

"Ufunguo umeshachukuliwa, baba watoto. Mtu akipewa ufunguo hakushikii tena kazi, ni yake. Paa tutaezeka kwa kitu gani? Kwa hilo yai lako?"

"Nitaongea na Utaratibu."

"Ongea naye. Atakuuliza umelalaje."

Fundi alisema kwa sauti ndogo, "Leo nimefukuza mteja kwa kukaa tu."

"Tutoke, basi."

"Tutoke tumpeleke mama jikoni, kwenye moshi? Umemwona anavyosimama peke yake?"

Mama Shuka alikuwa amemwona.

Ndani, Bibi alikuwa macho, anatazama fundo la chandarua juu ya kichwa chake.

Siku ya tatu Bibi aliamka kabla ya wenzake. Fundi na mkewe walipofumbua macho walikuta kitanda kitupu, na fimbo haipo. Walimkuta ukumbini, amekaa meza ya katikati, kanga ameifunga vizuri. Wageni walikuwa wakinywa chai. Mama wa kofia alikuwa akipaka mkate siagi. Utaratibu alizunguka meza kwa meza akiuliza usingizi.

"Mwenyekiti," aliita Bibi, "hii leo ni siku ya ngapi tangu tufike kwenu?"

"Ya tatu, mama."

"Hujakosea? Sitaki kesho useme ulikosea."

"Siwezi kukosea. Ni ya tatu."

"Basi naomba jembe langu."

Mpishi alisimamisha upawa juu ya sufuria.

"Jembe la nini, mama?"

"Unaniuliza mimi? Mtu wa utaratibu si wewe? Mgeni siku mbili..."

Aliacha maneno yaning'inie. Na ukumbi ukayapokea, Mpishi, fundi, na mama wa kofia mdomo ukiwa na mkate, kama darasa: "...siku ya tatu mpe jembe!"

Watu walicheka. Utaratibu hakucheka. Alikuwa ameshikwa mahali pake.

"Hiyo ni methali," alisema. "Si sheria ya Kambi."

"Sheria ya Kambi mliitunga lini?"

"Mwaka tuliojenga."

"Na hii ilitungwa lini?"

Utaratibu alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Sijui."

"Mimi niliikuta. Na aliyenifundisha aliikuta. Sasa kati ya iliyokutwa na iliyoletwa, mkubwa nani? Mlituita wageni, tukaitika. Hamwezi kutuita nusu. Ugeni una siku zake, na zetu zimekwisha."

Utaratibu alikuna kidevu. Akainama karibu naye, akazungumza kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ndiyo iliyowanyamazisha wengine. "Mama, mimi nakuheshimu. Lakini nikikupa jembe, wewe si mgeni tena. Na asiye mgeni..."

"Halali kibandani. Najua. Mkeka wangu nimeshaukunja."

"Mama!" Fundi alisimama. "Na magoti?"

"Magoti ni yangu, nawe nilikuzaa nayo hayahaya. Jiko lina paa. Moshi haujaua mtu, ungekuwa unaua, wanawake tungeshakwisha."

Hapo Utaratibu alifanya jambo ambalo asingelifanya mtu mwingine yeyote. Alitoka, akaenda bustanini, akarudi na jembe lenyewe, mpini mrefu, udongo mbichi kwenye bapa. Alimkabidhi Bibi kwa mikono miwili, kama anavyowakabidhi wageni taulo.

Bibi alililaza mapajani. "Ahsante. Sasa mimi ni mwenyeji, nami nauliza wenyeji wenzangu. Mgeni haezekewi nyumba, atakwenda nayo wapi? Mwenyeji huezekewa. Nani anakuja?"

"Nikimaliza vyombo," alisema Mpishi haraka. "Na nitakuja na shemeji zangu, wako tu."

Fundi alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Mama Shuka hakusubiri kusikia zaidi. Alikuwa amekwisha toka.

Alimkuta Mama Pacha kwenye kibanda cha kwanza, shuka mkononi. Habari ilikuwa imeshamfikia, kwa sababu hakushangaa. Hakuliachia shuka pia.

Mama Shuka alishika ncha ya upande wa pili. Walisimama hivyo, kitanda katikati yao.

"Wanangu wameanza kunywa maziwa, ya kulipa Jumamosi," alisema Mama Pacha.

"Na mimi sina paa."

"Najua huna. Nayaona makuti yako kila nikipita michongomani."

Walilikung'uta shuka pamoja, kwa mazoea tu ya mikono, likashuka sawasawa. Mama Pacha alianza kusokomeza pembe.

"Siyo hivyo," alisema Mama Shuka. "Kunja kama bahasha. Hivi."

"Hivi?"

"Afadhali."

"Vitatu vyako, vitatu vyangu," alisema Mama Pacha, akiwa bado ameinama. "Mwenyekiti akitaka utaratibu, huo ndio utaratibu."

Haikuwa nusu ya kufurahia. Nusu ya ujira ni nusu ya paa, na Mama Shuka alijua fito zitanunuliwa mwezi huu na makuti mengine mwezi ujao, mvua ikiwahurumia. Alitikisa kichwa kukubali. Ufunguo hawakukabidhiana. Mama Pacha aliutundika kwenye msumari wa mlango wa stoo, kimo ambacho wote wawili wanaufikia.

Cha mwisho kilikuwa kibanda walichokuwa wakilala. Wageni wapya wangekifikia adhuhuri. Mama Shuka aliingia peke yake akiwa na mashuka safi, akakuta kitanda kimetandikwa. Shuka lilikuwa limenyooshwa kwa kiganja, mikunjo ya vidole ikionekana bado. Pembe moja ilikuwa chini, nyingine haikufikiwa. Chandarua kilikuwa kimefungwa fundo dogo, la kukaza, lile ambalo wanawake wazee hufungia vitu vyao kwenye pindo la kanga.

Alikaa kitandani. Siku zote hizo alikuwa amelala chini, kwenye mkeka. Godoro lilikuwa laini kuliko alivyodhani. Kisha akainuka, akalifungua lile fundo, akakifunga chandarua upya inavyotakiwa, akabadilisha mashuka.

Nje, Bibi alikuwa anashuka ngazi za baraza moja moja, mkeka kwapani, fimbo mkono huu na jembe begani mkono huu. Utaratibu alikuwa langoni akiwangojea wageni wa adhuhuri. Alipomwona mtu anatoka na mzigo, ulimi wake ukatangulia kabla ya akili, kwa maneno anayomwambia kila aondokaye.

"Safari njema, mama. Karibu tena."

Bibi alisimama apumzishe magoti. Uani kwake palisikika mtu anapiga kelele fito iliyotolewa michongomani ishikwe vizuri, na mwingine anamjibu kwa matusi ya utani.

"Safari gani, mwanangu?" alisema. "Mimi ndiyo kwanza nafika."

Akapita. Jembe la Kambi alikwenda nalo, wala hakusema atalirudisha lini.